Kiti cha Mzazi

Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye leseni ya udereva. Kwingine kote, kuanzia ghala la saruji mpaka kwa mama muuza chai wa mpakani, aliitwa Masafa, na hata dada yake wa tumbo moja alimwita hivyo siku akiwa na hasira naye, yaani siku nyingi. Alikuwa dereva wa lori la safari ndefu. Alipeleka saruji, akarudi na chochote kilichopatikana: magunia ya mahindi, mabati, safari moja alirudi na vitanda vya hospitali. Nyuma ya lori, juu kidogo ya taa, fundi rangi alikuwa amemwandikia kwa herufi nyekundu CHELEWA UFIKE, na Masafa aliyapenda maneno yale kama mtu anavyompenda wakili wake.

Tusimwonee. Hakuwa mlevi. Hakuwa na mke kila kituo kama madereva wanavyosingiziwa (na wengine wala hawasingiziwi), na mwanawe hakuwahi kwenda shule na viatu vilivyoachama midomo. Kosa lake lilikuwa moja tu: hakuwepo. Na wahenga walishamaliza, asiyekuwepo na lake halipo.

Mkewe alifariki mtoto akiwa ndiyo kwanza anaota meno. Masafa alilia, akazika, akabaki na kile kitoto mikononi hajui kishikwe vipi, mpaka dada yake, fundi cherehani mwenye duka la chumba kimoja, akamnyang'anya. "Lete huku," alisema. "Wewe nenda kaendeshe. Mtoto halelewi kwa usukani." Basi ikawa hivyo, dada akalea, kaka akaendesha. Mtoto akakua, akaanza kusema, na alipoanza, jamani, hakunyamaza tena. Alisema akila, alisema akioga, alisema na kuku, alisema mpaka usingizini. Masafa ndiye aliyempa jina la Chiriku, na jina likashika mtaa mzima. Hata walimu walipompokea darasa la kwanza walilichukua hilohilo.

Siku zile, Masafa akipiga simu kutoka njiani, hakupata hata nafasi ya kusalimia. Chiriku alimpokea na habari ya paka wa jirani aliyezalia ndani ya kapu la vitambaa, akapitia kwenye jino linalotikisika, akaishia kwenye ndoto ya jana ambayo yeye mwenyewe alikuwa anaendesha lori lenye mabawa. Masafa alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Angeweza kuvuka nchi nzima kwa zile hadithi, bila kahawa.

Sasa sijui ni lini hasa maneno yalianza kupungua. Masafa mwenyewe hakujua, na kutojua huko ndiko kulikomuuma zaidi. Siku moja aligundua tu kwamba simu imekuwa fupi.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo. Shikamoo, baba."

"Marahaba. Shule je?"

"Nzuri."

"Umekula?"

"Ndiyo. Huyu hapa shangazi."

Basi, imetoka hiyo. Mtoto aliyekuwa akisema na kuku! Masafa alijifariji kwamba mwanawe anakua, na watoto wakikua hupata haya. Lakini moyo haudanganywi. Alikuwa na hamu na mwanawe, hamu ya yale maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Kuna mahali kwenye mteremko mrefu, pande zote ni vichaka na hakuna hata nyumba, alijikuta anakisemesha kiti kitupu cha pembeni: "Unaona yule punda, Chiriku? Anapandisha, hataki kusukumwa." Akaona aibu, mtu mzima na ndevu zake.

*

Shule ya Chiriku ilikuwa shule ya kawaida. Madarasa ya matofali yaliyozunguka uwanja wa vumbi, bomba moja la maji, na kengele iliyotengenezwa kwa rimu ya gari. Asiyekuwa wa kawaida ni mwalimu mkuu. Alikuwa mama mfupi mwenye sauti ndefu, na alikuwa amechoshwa na wazazi wanaofika shuleni kwa sababu mbili tu, mtoto kavunja dirisha au mtoto kavunjwa kichwa.

"Mnaniletea watoto kama mzigo wa kusafirishwa," aliwafokea mkutanoni. "Mnapakia huku, mnataka mje mpakue kule wakiwa wamekwisha kuwa madaktari. Nani atakuwa nao njiani?"

Ndipo akaanzisha Kiti cha Mzazi. Kila Ijumaa asubuhi, kila darasa liliweka kiti mbele, na mzazi mmoja akaja kukikalia. Kwanza alieleza kazi yake. Kisha ndiyo ikaja raha yenyewe: wanafunzi walimuuliza maswali, si juu yake, bali juu ya mwanawe. Anaogopa nini? Akikasirika anafanyaje? Rafiki yake ni nani? Mzazi akijibu, mtoto mwenyewe, aliyesimama kando ya kiti, alitangaza kwa sauti: "Kweli!" au "Si kweli!" Na mzazi aliyeshindwa hakuruhusiwa kubahatisha. Alitakiwa aseme "Nifundishe," na mwanawe akamfundisha mbele ya darasa zima. Baba mmoja muuza nyama, ambaye alikuwa anaweza kukisia uzito wa ng'ombe kwa kumtupia jicho, alikuja kujua palepale kwamba mwanawe hapendi nyama. Alikwenda nyumbani ameinamisha kichwa, lakini alirudi muhula uliofuata.

Zamu ya Chiriku ilipofika akiwa darasa la kwanza, Masafa aliahidi. Tairi likapasuka, dada akakikalia kiti. Alipofika la pili, Masafa akaahidi tena. Foleni ya mpakani ikamlaza, dada akakikalia kiti. Mwaka wa tatu, dada akampigia simu yeye mwenyewe. Kwa nyuma cherehani ilikuwa kimya, na cherehani ya dada ikinyamaza ujue mambo ni mazito.

"Ijumaa ijayo ni zamu ya Chiriku," alisema.

"Najua, dada. Ninakuja."

"Mimi sikai."

"Dada, nisikilize kwanza..."

"Sikai, Masafa. Nimekikalia kiti chako miaka miwili, nimejibu maswali yako kama karani wako. Safari hii ukishindwa kibaki kitupu. Mtoto asimame kando ya kiti kitupu, na darasa lione."

"Nitafika. Hata nikichelewa, nitafika."

"Hayo ni maneno ya nyuma ya lori lako," dada alisema. "Mimi nina yangu: chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako."

Masafa akaomba ampe Chiriku simu.

"Mama, Ijumaa ninakuja kukaa kwenye kiti."

"Sawa, baba."

"Kweli kabisa. Sikutanii."

"Sawa."

Ile "sawa" haikuwa na furaha wala hasira. Ni sawa ya mtu anayeambiwa kesho itanyesha, naye nguo zake ameshazianua.

*

Njia nzima Masafa alijifanyia mtihani. Anaogopa nini? Radi. Alikumbuka vizuri, radi ikipiga alijificha chini ya meza ya cherehani. Rafiki yake ni nani? Mtoto wa muuza mkaa. Akikasirika? Analia na kupiga miguu chini. Anapenda nini kuliko vyote? Pipi za rangi nyekundu, na pakiti nzima alikuwa nayo mfukoni. Anataka kuwa nani? Dereva, swali gani hilo! Alijipa alama zote. Mpakani alibembeleza, akapiga magoti ya mdomo kwa kila afisa, akavuka. Tajiri mwenye lori alipompigia kuuliza yuko wapi, Masafa alimwomba asubuhi moja tu, ya mtoto. Tajiri akaguna. "Saa nane mchana nikukute barabarani," alisema, na kwa tajiri yule hiyo ilikuwa huruma kubwa.

Ijumaa asubuhi aliliacha lori kwenye kituo cha mafuta, maana mitaa ya kwao haipitishi dubwana kama lile. Akanawa kwenye bomba la kuoshea magari, akavaa shati lililonyooshwa alilokuwa amelitundika kwenye kabini ya lori njia nzima, akatembea kwa miguu huku roho iko juu. Alipita duka la kinyozi, jirani wa dada yake. Lilikuwa limefungwa kwa kufuli Ijumaa asubuhi, siku ambayo vichwa vya mtaa mzima hupanga foleni. Jambo la ajabu, lakini mwenye haraka haoni ajabu.

Shuleni hakuuliza njia. Angeuliza vipi, naye ndiye aliyemleta mwanawe siku ya kwanza kabisa? Aliukumbuka mlango wa buluu, akaukuta. Watoto walikuwa ndani, mwalimu hayupo, na kiti kilikuwa mbele, kitupu. Moyo wa Masafa uliruka. Ameshinda! Aliingia kwa kishindo, akakikalia kiti, akapiga makofi.

"Hamjambo, watoto!"

"Hatujambo! Shikamoo!"

"Marahaba! Mimi ni dereva wa lori. Nani hapa amewahi kuona lori lenye magurudumu mengi kuliko vidole vyake vyote?"

Watoto wakapiga kelele za furaha. Masafa aliendelea kueleza huku macho yanamtafuta mwanawe, dawati kwa dawati. Mbele hayupo. Katikati hayupo. Nyuma hayupo. Akarudia upya, polepole, maana labda amekua, labda amenyolewa, na kijasho chembamba kikaanza kumtoka. Alikuwa anaogopa kwamba mwanawe yupo pale, anamwangalia, na yeye hamtambui.

Mwalimu akaingia na chaki mkononi, binti mdogo wa haya. "Shikamoo. Samahani, wewe ni mzazi wa nani?"

"Marahaba. Baba yake Chiriku."

Darasa likaangua kicheko. "Chiriku yuko la tatu!" mtoto mmoja asiye na meno ya mbele akapiga kelele. "Hili ni la kwanza!"

"Mzazi wetu wa leo ndiyo anakuja," mwalimu alisema kwa upole, na upole ule ulimchoma Masafa kuliko vicheko. "La tatu ni kule, ng'ambo ya uwanja. Wameshaanza."

Masafa akainuka. Mama mmoja muuza mboga aliyevaa gauni lake la kutokea alikuwa amesimama mlangoni, anangoja kiti chake. Masafa akampisha. Alikuwa amembeba mwanawe kichwani kila kilomita, na kumbe aliyembeba ni mtoto wa miaka ile, aliyebaki darasa la kwanza na wala hakupanda. Alivuka uwanja wa vumbi bila kuinua macho.

*

Mlango wa la tatu ulikuwa wazi. Kabla hajafika alisikia sauti ya mwanamume na vicheko vya watoto. Akasimama kizingitini.

Kwenye kiti alikuwa amekaa kinyozi.

Kinyozi yule yule wa jirani, mtu mnene mpole, amevaa koti lililombana na ameshika mashine yake ya kunyolea isiyo na waya, anawaonyesha watoto. Na kando ya kiti alikuwa amesimama msichana mrefu, shingo ndefu, sketi ya shule iliyoteremshwa upindo, mkono mmoja ameuweka begani kwa kinyozi bila hata kujua kwamba ameuweka. Alikuwa anacheka. Alikuwa ni mama yake mtupu.

Kinyozi akamwona. Alishtuka, akaanza kuinuka kama mtu aliyekutwa na ndizi shambani kwa watu. "Ahaa, mwenyewe kaja! Karibu, jirani, karibu, mimi nilikuwa nashikilia tu..."

Chiriku akageuka. Uso wake ulifunguka, Masafa aliuona kwa macho yake ukifunguka, kisha ukajifunga tena taratibu.

"Shikamoo, baba," alisema. "Ngoja amalize kwanza. Keti pale nyuma."

Hakusema kwa ubaya. Kinyozi aliwahi, na kwenye foleni ya kinyozi aliyewahi hunyolewa kwanza. Mwalimu wa darasa, mzee mwembamba mwenye mvi, alimtazama Masafa kwa huruma, akamwonyesha dawati la mwisho. Masafa akajikunja humo, magoti yakamgusa kidevu, na watoto wawili wakasogea kumpisha.

Maswali yakaanza.

"Chiriku akikasirika anafanyaje?" aliuliza mmoja.

Analia na kupiga miguu, Masafa alijibu moyoni.

"Anafagia!" alisema kinyozi. "Anachukua ufagio wangu, anafagia duka lote, anafagia na nywele za mteja ambaye bado yuko kwenye kiti. Siku hiyo hata wateja hunyamaza."

"Kweli!" Chiriku alipaza sauti, na darasa likashangilia.

"Rafiki yake mkubwa ni nani?"

Mtoto wa muuza mkaa, alisema moyo wa Masafa. Kumbe muuza mkaa alishahama, zamani.

"Yule pale wa dirishani, mwenye miwani."

"Kweli!" Na yule wa dirishani akafunika uso kwa viganja kwa raha.

"Akiwa mkubwa anataka kuwa nani?"

Kinyozi akajikuna kichwa. "Hapo nimekwama. Kila wiki ana kazi mpya, wiki iliyopita alikuwa anataka duka langu. Nifundishe."

Masafa aliinua kichwa. Sema dereva, mama. Sema dereva.

"Nataka kuwa mwalimu mkuu," alisema Chiriku.

"Kwa nini?" mwalimu akamuuliza.

"Kwa sababu mwalimu mkuu yupo kila siku."

Watoto walicheka, maana kwao kuwepo kwa mwalimu mkuu kila siku hakukuwa sifa. Masafa hakucheka.

"La mwisho," alisema mwalimu. Mtoto wa dawati la kwanza akasimama: "Chiriku anaogopa nini?"

Kinyozi akafungua mdomo. Kisha macho yake yakaenda nyuma ya darasa, yakakutana na ya Masafa, na mdomo ukafungwa. Akaigeuza mashine mkononi.

"Anaogopa radi," alisema.

"Si kweli!"

"Ya zamani hiyo, lakini..."

"Si kweli, mjomba. Unajua. Sema ile ya kweli."

"Chiriku, mwanangu," kinyozi alisema kwa sauti ya chini.

"Lakini ndiyo mchezo wenyewe," mtoto akasisitiza. "Ukijua unasema."

Kinyozi akashusha pumzi. Hakumtazama mtu. "Anaogopa simu ya jioni," alisema. "Ile inayopigwa kusema kwamba... kwamba mtu hafiki. Ikiita kwa shangazi yake, anavuka barabara anakuja kwangu. Anakaa mpaka iishe."

Vichwa vikageukia dawati la mwisho. Watoto si wajinga, jamani, kuna vitu wanavijua.

"Kweli," alisema Chiriku. Safari hii hakupaza sauti.

*

Kinyozi aliinuka, jasho linamtiririka kwenye koti lake la kubana. "Mwalimu, mimi nimemaliza. Mwenye kiti yupo." Alimpita Masafa kwenye njia ya madawati, na akanong'ona, "Nisamehe, jirani. Alinijia Jumatatu, akasema shangazi ameapa na kiti kisibaki kitupu. Ningekataaje?"

"Ahsante," Masafa alisema, na alimaanisha.

"Mimi sifanyi kitu. Redio yangu imekufa siku nyingi. Huyu ndiye redio."

Kumbe basi maneno hayakuisha! Yalikuwa yanamwagwa yote mle dukani kwa kinyozi, kila siku, bure, katikati ya nywele za watu. Masafa alimwonea kinyozi wivu ambao hajawahi kumwonea mtu mwenye nyumba wala gari.

Mwalimu akatazama saa. "Tuna dakika chache kabla ya kengele. Baba Chiriku, karibu mbele."

Masafa akaenda, akakaa. Kiti kilikuwa bado na joto la kinyozi. Chiriku alisimama kando, mikono ameifunga nyuma, nafasi ya mtu mzima mmoja kati yao. Yule mwenye miwani wa dirishani akanyoosha kidole.

"Baba Chiriku, Chiriku anapenda nini kuliko vitu vyote?"

Pipi zilikuwa mfukoni, zinamgusa paja. Aliona wazi jinsi atakavyozitoa, watoto watakavyoshangilia, na mwanawe atakavyosema "Si kweli" kwa sauti ile ya upole, au, vibaya zaidi, atakavyosema "Kweli" kwa kumhurumia.

"Sijui," alisema. "Nifundishe, mama."

Chiriku alitazama sakafu.

"Kuongea," alisema mwishowe, na darasa zima likacheka, hata mwalimu. Yeye hakucheka. "Napenda kuongea. Lakini na wewe siwezi."

"Kwa nini huwezi?"

"Zamani ukipiga simu ulikuwa unazima gari kwanza. Sasa huzimi. Nasikia injini tu. Basi najua una haraka, nakupa shangazi."

Masafa alitaka kujitetea. Mzigo, muda, tajiri, foleni, vyote vilimjia mdomoni kwa pamoja. Lakini alipovitazama akaona kwamba mtoto amesema kweli tupu. Ni kitu kidogo hivyo, ufunguo wa kugeuza upande mmoja, na hakuwahi hata kukifikiria. Alifumba macho, akafumbua.

"Kweli," alisema yeye. Haikuwa zamu yake kulisema neno hilo, lakini hakuna aliyemsahihisha.

Kengele ikalia. Watoto walitoka mbio kwenda uwanjani, madawati yakasukumana, vumbi likatimka. Masafa na Chiriku wakatoka nyuma ya wote, wakasimama kwenye kivuli cha ukuta. Kinyozi alikuwa amekwishafika getini, anakimbilia vichwa vyake. Yule mwenye miwani akamwita Chiriku aje kucheza kamba. Chiriku akampungia mkono kwamba asubiri.

"Unaondoka lini?" akamuuliza baba yake.

Angeweza kusema kesho. Angeweza kusema tutaona. Alishasema hivyo mara nyingi, na kila mara jioni ikafika na simu yake.

"Leo," alisema Masafa. "Saa nane."

Chiriku akaitikia kwa kichwa taratibu. Hakulia, hakununa. Alitazama jua, akatazama uwanja, akatazama mlango wa darasa, midomo ikicheza kama mtu anayepiga hesabu ya kichwa. Yule mwenye miwani aliita tena, na safari hii Chiriku hakugeuka.

"Basi usinikatize," alisema.

Masafa akachuchumaa ukutani, shati lake lililonyooshwa likajifuta kwenye matofali. Chiriku akavuta pumzi, akaanza. Alianza na yule mwenye miwani, jinsi walivyogombana wakapatana, akarukia jino la mwisho lililotoka akiwa anakula muwa, akarukia mteja wa kinyozi aliyesinzia akanyolewa nyusi, akarudi nyuma kwenye homa iliyomlaza wiki nzima shangazi akakesha, "na hukuambiwa kwa sababu ulikuwa mbali," akapita palepale bila kusimama, akaingia kwenye wimbo aliofundishwa, akauimba nusu, akauacha, akasema huo mrefu, tuendelee. Hakumaliza hata jambo moja. Maneno yalikanyagana midomoni mwake, na mkono wake, bila yeye kujua, ulikuwa umeshika kola ya baba yake. Masafa hakumuuliza kama amekula. Machozi yalimshuka mpaka kwenye ndevu na hakuyafuta, kwa kuogopa kumkatiza.

Kengele ya kurudi darasani ikalia. Chiriku aliisikia, akaongeza kasi.